Arusi ya Mlimani na Mashahidi Wake

Msomaji mpenzi, kama hujafika Chimwaga, karibu. Ukitoka katikati ya mji wa Dodoma ukaelekea upande wa mashariki, kilomita chache tu, njia hupanda taratibu mpaka uone majengo ya Chuo Kikuu cha Dodoma yametapakaa juu ya miinuko. Chuo hicho kilianzishwa mwaka 2007, na ukumbi wa Chimwaga, ambao zamani Chama cha Mapinduzi kilifanyia mikutano yake mikuu, ukawa sehemu yake. Chini yake nchi ya Ugogo imelala wazi: mibuyu, migunga, mashamba ya mtama na uwele, mizabibu, na vumbi jekundu wakati wa kiangazi.

Vijana wanaosoma hapa wametoka kila mkoa. Mgogo hukaa meza moja na Mchaga, Mhaya na Mpemba. Na mahali vijana wanapokaa pamoja kwa miaka mitatu, uchumba haukosi kuzaliwa. Basi leo nataka tuzungumze habari za arusi, lakini si ile ya ukumbini yenye matarumbeta na kadi za michango. Ni arusi ya mlimani.

Siku hizi wapo wageni wanaotoka ng'ambo kuja kupanda Kilimanjaro, na katikati ya safari hiyo wakafunga ndoa, au wakabarikiwa ile waliyokwisha kuifunga kwao. Picha zao huenea upesi, nao vijana wetu huzitazama: bibi arusi katika nguo nyeupe, mawingu yako chini ya miguu yake. Tuseme basi binti yako amekuja na mchumba wake, wakakuambia, "Baba, sisi tungependa kufungia ndoa mlimani." Utajibu nini? Usikimbilie kukataa, wala usikimbilie kukubali. Kwanza ijue safari yenyewe.

Kutoka Chimwaga hadi Moshi ni safari ya siku moja kwa gari. Njia ni ile barabara kuu ya kaskazini, ambayo wakoloni waliota kuifikisha kutoka Cape mpaka Cairo. Zamani kati ya Dodoma na Babati msafiri alimezwa na vumbi au na matope, lakini barabara ya lami ilizinduliwa mwaka 2018. Utapita Kondoa, na karibu na Kolo utaona milima yenye mapango ya michoro ya watu wa kale, iliyowekwa katika Urithi wa Dunia mwaka 2006. Utapita Babati na ziwa lake, kisha Arusha, na baadaye Moshi. Hapo, mbingu zikiwa safi, utauona Kibo na theluji yake.

Chimwaga tuko mita zaidi ya 1,100 juu ya bahari. Lango la Marangu, mahali wengi waanzapo kupanda, liko karibu na mita 1,900. Siku ya kwanza watu hupita msituni na kulala Mandara, mita 2,720. Siku ya pili hulala Horombo, mita 3,720. Wenye busara hupumzika hapo siku nzima ili mwili uzoee. Kisha hupanda hadi Kibo, mita 4,720, na usiku wa manane huamka kukikabili kilele. Kilele cha Uhuru kina mita 5,895. Huko juu hewa ya kuvuta ni kama nusu tu ya ile ya pwani, na baridi ya alfajiri hugandisha maji chupani.

Hapa ndipo mzazi asikilize vizuri. Mwili usiozoea hewa nyepesi hupatwa na ugonjwa wa mwinuko. Huanza kwa kuumwa kichwa, kichefuchefu na kukosa usingizi. Ukizidi, maji hujaa mapafuni, au ubongo huvimba, na mtu huanza kuyumba na kusema maneno yasiyoeleweka. Dawa kubwa ni moja: kushuka upesi. Haujali nguvu za kijana wala mapenzi yake. Mwenye kifua kipana aweza kushindwa pale ambapo bibi mwembamba aendaye polepole anapita. Ndiyo maana waongozaji wa mlima hawachoki kusema, "Pole pole."

Wapo waliothubutu hata zaidi. Tarehe 30 Mei 2005, Pem Dorjee na Moni Mulepati, wote wawili wa Nepal, walifunga ndoa juu ya kilele cha Everest, mlima mrefu kuliko yote duniani, mita 8,848 na zaidi. Bwana arusi alikuwa Msherpa, bibi arusi alikuwa Mnewar. Kabila mbalimbali, na kwao ndoa za namna hiyo si za kawaida. Huko juu walivua kwa muda mfupi vifuniko vyao vya hewa, wakavikana mashada ya maua, naye bwana akampaka bibi rangi nyekundu katika paji la uso, kama ilivyo desturi yao. Walikaa kileleni kama dakika 10 tu, kisha wakashuka. Lakini yafaa tukumbuke kwamba wale hawakuwa watalii waliokuja na tiketi ya ndege. Walikuwa wapanda mlima hasa, na wenzao katika safari walikuwapo kuwaona.

Neno hilo la wenzao kuwapo ndilo kiini cha maneno yangu yote. Maana ndoa haifungwi na mandhari. Ndoa hufungwa na ridhaa ya wawili mbele ya mashahidi.

Tazama sheria ya nchi yetu. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 yataka wachumba watoe taarifa siku zisizopungua 21 kabla ya arusi, na taarifa hiyo itangazwe ili mwenye pingamizi apate kusema. Yataka mfungishaji mwenye mamlaka, awe msajili au mhudumu wa dini aliyepewa leseni. Yataka mashahidi wasiopungua wawili. Tena yataka ridhaa iliyo huru, ya mtu anayefahamu analolitenda. Mlevi asiyejua analosema hawezi kuridhia, wala mtu ambaye akili yake imevurugika, hata kama ni kwa muda tu. Sasa fikiri, msomaji: mtu aliyepatwa na ugonjwa wa mwinuko hata hajui ni siku gani, je, huyo aulizwe, "Wamkubali bwana huyu?" Heri kiapo kitolewe mahali ambapo kichwa ni kizima.

Basi mwongozaji wa mlima, hata awe mtu mwema namna gani, hana uwezo wa kufungisha ndoa kwa sababu tu anaijua njia. Vijana wakimwomba aseme maneno mawili matatu kileleni, watapata picha nzuri, lakini hawatapata cheti. Na kukosa cheti si jambo dogo. Siku mmoja akifariki, au siku watakapogombania nyumba na watoto, ndipo itakapoonekana kama palikuwa na ndoa au palikuwa na matembezi. Nayo makanisa yana taratibu zake. Kwa Wakatoliki, kwa mfano, ndoa ya waamini yapasa kufungwa katika kanisa la parokia, na mahali pengine pasipo kanisa panahitaji ruhusa ya Askofu. Ni vema kumwuliza mchungaji au padre mapema, kabla ya kulipa nauli.

Liko jambo jingine ambalo sheria haikuliandika lakini mila zetu zalijua. Kwa Wagogo, mahari ya ng'ombe na mbuzi haitoki katika zizi moja. Baba hutoa, ndugu zake hutoa, na upande wa mama nao hutoa. Na ikifika kwa wazazi wa bibi arusi, haikai katika zizi moja pia. Hugawanywa kwa ndugu wengi. Watu wengine husema hiyo ni biashara. Mimi nasema ni hesabu ya mashahidi. Kila aliyetoa mbuzi na kila aliyepokea mbuzi ana neno katika ndoa ile. Siku mume na mke wanapokosana, hao ndio watakaokuja kukaa chini ya mbuyu na kuuliza, "Kumetokea nini?" Sheria yenyewe hukubali kwamba ndoa haivunjiki kwa kukosa mahari, lakini hiyo hiyo yataka wanaogombana wapite kwanza katika baraza la usuluhishi kabla ya mahakama kuvunja ndoa. Maana yake ni kwamba ndoa yahitaji watu pembeni yake.

Sasa, mashahidi wa mlimani ni akina nani? Ni mtalii mmoja wa Ujerumani na mwingine wa Japani, waliokutana na wachumba hao katika njia. Kesho yake kila mmoja amekwenda zake. Msemo wa wazee ni kwamba milima haikutani lakini binadamu hukutana. Walakini wengine hukutana mara moja tu.

Lakini wapo wengine mlimani ambao picha huwasahau, nao ni wapagazi. Hakuna apandaye Kilimanjaro peke yake. Hata kanuni za Hifadhi hazikubali mtu apande bila mwongozaji. Hans Meyer na Ludwig Purtscheller walipofika kileleni mwaka 1889, walikuwa na wenyeji walioonyesha njia na kubeba mizigo, na Mzee Yohani Kinyala Lauwo wa Marangu anakumbukwa hata leo kuwa mmoja wao. Gauni jeupe halikupanda lenyewe. Keki haikupanda yenyewe. Kuna kijana aliyevibeba kichwani pamoja na hema na sufuria, na kanuni yasema mzigo wake usizidi kilo 20. Naye ana mke na watoto nyumbani Rombo au Kibosho. Wachumba wanaotaka baraka ya mlima na waanze kwa kuhakikisha kwamba mpagazi wao ana koti, ana chakula, ana mahali pa kulala, na ujira wake umelipwa kamili. Arusi iliyojengwa juu ya mgongo wa mtu aliyedhulumiwa haianzi vizuri.

Basi, mzazi mpenzi, binti akija na ombi lake, mwambie hivi. Kwanza, wazee wa pande zote mbili wakutane nyumbani, mambo ya mahari yazungumzwe, wala asiwepo shangazi atakayesikia habari hizo kwa jirani. Pili, taarifa itolewe na vyeti vitafutwe kwa wakati. Tatu, ndoa ifungwe chini mbele ya ndugu, kisha waende mlimani kubarikiwa au kushukuru. Au kama wanataka kufungia huko huko, wachague Mandara au Horombo kuliko kileleni, nao wawachukue mfungishaji na mashahidi wenye miguu mizuri. Nne, wapimwe afya zao kwanza, wajizoeze kutembea miezi kadhaa, na wasione haya kushuka. Mmoja akiugua, wote wawili washuke. Hilo peke yake ni fundisho kubwa la ndoa.

Na kama fedha hazitoshi kwa Kilimanjaro? Hapa Dodoma tuna vilima vya mawe vinavyopandwa asubuhi moja kabla jua halijawa kali, na bibi mzee wa miaka 70 aweza kungoja chini kivulini na kibuyu cha maji. Vijana wakapande huko asubuhi baada ya arusi, waitazame nchi iliyowalea, kisha washuke wale ugali wa uwele na mlenda pamoja na watu waliowatolea mbuzi.

Mlima ni mzuri, wala simzuii mtu. Lakini theluji haishuhudii ndoa, nayo mawingu hayaji kuwapatanisha mume na mke waliokosana. Mwenye kufunga ndoa na achague kwanza watu, ndipo achague mahali.