Uzi wa Mawasiliano na Akili ya Wenyeji

Wako watu waaminio kwamba ubunifu husafiri pamoja na intaneti: palipofika uzi pamefika na akili, na pasipofika pamebaki giza. Imani hiyo ina chembe ya ukweli, lakini haitoshi kueleza hali ya Shinyanga na Geita.

Mwaka 2009 mkongo wa baharini wa SEACOM ulifika Dar es Salaam, na mwaka huo huo Serikali ikaanza kujenga Mkongo wa Taifa wa Mawasiliano ili kuiunganisha mikoa. Leo mchimbaji mdogo wa Geita aweza kuijua bei ya dhahabu duniani kwa simu yake kabla ya kwenda kwenye soko la madini la mji huo, lililofunguliwa Machi 2019. Dalali hawezi kumpunja kwa urahisi kama zamani. Hata hivyo, programu aitumiayo aghalabu imebuniwa Dar es Salaam au ng'ambo, penye vyuo vikuu, mitaji na mafundi wengi wanaoishi karibu karibu. Uzi ni mmoja, mavuno ni mbali mbali.

Je, tofauti hiyo yatokana na uhaba wa akili? Mwanafunzi wangu mmoja wa Shinyanga aliniuliza kama Wasukuma wamepata kubuni chochote. Nilimjibu kwa neno moja: ngitili. Wazee walitenga sehemu ya malisho, wakaifunga wakati wa masika, wakaifungua kiangazi nyasi za kwingine zilipokauka. Miti ya Shinyanga ilikuwa imefyekwa kwa wingi, mingine katika enzi ya ukoloni ili kuwaangamiza mbung'o. Mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, HASHI, ulioanza 1986, uliirudia hekima ya ngitili, na zaidi ya hekta 300,000 zikapata uoto tena. Sungusungu nao walizuka pande za Kahama mwanzoni mwa miaka ya 1980, wakaenea nchini bila waya wowote.

Kijana yule hakuwa mjinga. Alikuwa amesoma mengi katika simu yake, ila mambo ya kwao hakuyakuta humo kwa wingi, kwa sababu wenyeji wake hawakuyaandika. Intaneti haimpi mtu akili. Humpazia sauti yule aliyekwisha kusema. Mkoa unaopokea tu hubaki msikilizaji, na pengo kati yake na mikoa mingine huzidi kupanuka.

Walimu wenzangu, wahenga walisema usiache mbachao kwa msala upitao. Tuwafundishe vijana kuitumia intaneti kwa bidii. Lakini pia tuwatume kwa wazee wenye ngitili, na kwa mafundi wa makarasha ya kusaga mawe ya dhahabu, wakaulize, wapime, waandike kwa Kiswahili. Tusipofanya hivyo, dhahabu yetu itaendelea kutoka, na maarifa tutayanunua.