Mpini, Vumbi na Dhamiri



Katika utume wetu wa Jumamosi, sisi mafrateri watatu wa falsafa hukaribishwa na familia moja ambayo kijana wao anatamani urubani. Chumbani ana simuleta ya ndege: kompyuta, usukani, na kifaa chenye mipini miwili ya kuongeza na kupunguza nguvu za injini, alichokinunua kikiwa kimetumika. Siku moja tulimkuta amekata tamaa. Hata mipini yote miwili ikiwa chini kabisa, injini ya kushoto ilibaki na nguvu kidogo, na kila ndege ilipogusa ardhi ilivutwa kulia. Kwa kuwa mmoja wetu alisomea umeme kabla ya kuingia seminarini, tulibaki kumsaidia.

Ndani ya kifaa kile, kila mpini huzungusha kidude kiitwacho potenshomita. Mpini ukisogea, volti hubadilika, na volti hiyo hugeuzwa kuwa namba kati ya 0 na 1023. Kompyuta haiuoni mkono wa rubani; inaona namba tu. Mpini wa kulia ukiwa chini ulisomeka 2, wa kushoto 37. Kwa macho yetu yote miwili ilikuwa sawa kabisa.

Kusawazisha vipimo ni kuifundisha kompyuta chini ni wapi na juu ni wapi. Unasukuma mpini hadi mwisho na kuurudisha mara kadhaa, nayo programu inashika namba ndogo kuliko zote na kubwa kuliko zote. Lakini usafi hutangulia. Vumbi likiingia kwenye potenshomita, namba huruka ghafla, na ukisawazisha kabla ya kusafisha, programu itashika ule mruko kana kwamba ndio ukomo wa kweli. Basi tulifungua, tukasafisha, ndipo tukaanza. Mmoja alishika mpini, mwingine alisoma namba kwenye skrini, kijana akaandika.

Likabaki jambo la mwisho, nalo ndilo lililotufikirisha: eneo mfu. Hiyo ni sehemu ndogo ya mwendo wa mpini ambayo kompyuta huambiwa isiijali. Ikiwa pana mno, mpini unasogea na injini haisikii. Ikikosekana, kila mtetemo unakuwa amri, na injini haitulii hata rubani akiondoa mkono.

Tukiwa njiani kurudi, mwenzetu mmoja alisema, "Ule mpini unaotetemeka ndio mimi." Amekubali tuandike. Kwa miezi alikuwa akiungama Jumatatu na kurudi Jumatano kwa dhambi ile ile iliyokwisha kuondolewa, na alikuwa ameanza kuwaza kuuacha wito, akijiona hafai.

Walimu wa maadili wanazijua hali zote mbili. Kuna dhamiri legevu, ambayo eneo lake mfu limepanuka: uongo mdogo, masengenyo, sala iliyorukwa, hakuna kinachosikika. Na kuna dhamiri yenye wasiwasi. Kwa Kilatini wasiwasi huo huitwa scrupulus, yaani kijiwe chenye ncha, na aliyewahi kutembea na kijiwe ndani ya kiatu anaelewa. Mtakatifu Alfonsi wa Liguori, msimamizi wa waungamishi, aliujua kwa mateso yake mwenyewe. Mtakatifu Inyasi wa Loyola naye, akiwa Manresa mwaka 1522, alirudia kuungama dhambi za zamani bila kupata amani. Alipofunga chakula wiki nzima akitafuta amani hiyo, muungamishi wake alimwamuru ale, naye akatii.

Baadaye, katika Mazoezi ya Kiroho, Inyasi alieleza kwamba adui humsukuma kila mtu upande anakoelemea: mwenye dhamiri nzito huifanya nzito zaidi, mwenye dhamiri nyepesi huinoa hadi imkate. Kila mmoja ajitahidi kwenda upande wa pili. Ndiyo maana dawa haiwezi kuwa moja. Mahubiri makali yanayomwamsha mlegevu yanaweza kumvunja mwenye wasiwasi, na maneno laini yanayomponya huyu yanaweza kumlaza yule.

Na mpini haujui namba yake. Wala kuulinganisha na mpini wa pili hakutoshi, kwa maana yote miwili inaweza kukosea pamoja. Kipimo ni sheria ya Mungu, na anahitajika mtu wa kutusomea skrini. Mwenzetu sasa ana muungamishi mmoja, siku moja ya kuungama, na agizo moja: akiambiwa imetosha, imetosha. Siku nyingine bado anatetemeka. Lakini yupo nasi.

Katekisimu, namba 1784, inafundisha kwamba malezi ya dhamiri ni kazi ya maisha yote. Potenshomita nayo huchakaa, na vipimo husawazishwa tena. Ndugu msomaji, kama dhamiri yako imenyamaza siku nyingi, au kama haikupi usingizi, usiirekebishe peke yako. Mwendee padre.