Taa Ndogo Kando ya Gia

Akina mama tukizungumza habari za gari, huwa tunazungumzia bei ya mafuta, matairi yaliyokwisha na fundi aliyekula fedha zetu. Ni nadra kumsikia mmoja wetu akiuliza habari za mkono wa gia, na ni nadra zaidi kusikia habari za ile taa ndogo inayomulika herufi zake wakati wa usiku. Nyumbani kwetu taa hiyo ilizungumzwa na ukoo mzima kwa muda wa mwezi na zaidi, tena si kwa sauti ya chini. Tumeona tuwaandikie wenzetu, kwa sababu magari ya namna hiyo sasa yamejaa kila mtaa.

Sisi tunaoandika ni wawili. Tumeolewa na ndugu wawili, na tunaishi ua mmoja na wakwe zetu, huko milimani ambako mahali tambarare ni uwanja wa shule tu. Njia ya kuingia kwetu inateremka moja kwa moja kuelekea bomba la maji na jiko la nje. Waume zetu wanafanya kazi mbali na hurudi mwisho wa mwezi. Mwenye kuendesha gari siku zote ni baba mkwe wetu, ambaye watoto wanamwita Babu, na safari yake kubwa ni kumpeleka mama kliniki ya sukari.

Baba aliendesha magari ya serikali kwa zaidi ya miaka 30. Aliendesha malori ya Bedford, akaendesha Peugeot 404 yenye gia kwenye usukani, na zaidi ya yote aliendesha Land Rover za zamani. Katika magari hayo hapakuwa na taa yoyote kwenye gia. Ramani ya gia ilichorwa juu ya kirungu, na baada ya miaka kadhaa ya viganja vyenye jasho ilifutika, wala hakuna aliyeihitaji. Dereva akitaka kujua kama gari liko fri, huutikisa mkono wa gia kushoto na kulia. Ukicheza, liko fri. Ukigoma, limo ndani ya gia. Basi, giza au mwanga, hakuna tofauti.

Tena waliobuni magari yale walikuwa na akili ya peke yake. Katika Land Rover za wakati ule kulikuwa na viwiko viwili zaidi kando ya gia kubwa. Chenye kichwa cha njano hukandamizwa chini ili magurudumu yote manne yavute, na chenye kichwa chekundu huvutwa nyuma kupata gia nzito za matopeni. Volkswagen ile ya mgongo wa kobe ilimtaka dereva aukandamize mkono wa gia chini kwanza ndipo apate rivasi, hivyo hakuna aliyeweza kuingia rivasi kwa bahati mbaya. Baba husema kiganja cha dereva kina macho yake. Tulipoolewa tulidhani ni maneno ya majivuno ya wazee, lakini tukimtazama akiendesha tunaona ni kweli.

Miaka minne iliyopita shemeji yetu wa Dar es Salaam aliwaletea wazee gari dogo la otomatiki lililokwisha tumika Japani. Mama alifurahi sana, kwa kuwa halirukiruki kama pikapu ya zamani. Baba alilipokea kwa adabu. Katika gari hilo mkono wa gia husogea kwenye mstari mmoja tu, mbele na nyuma, na kando yake kuna herufi. Kwa asiyezijua: P ni ya kuegesha, R ni ya kurudi nyuma, N ni fri, D ni ya kwenda mbele, na 2 na L ni gia za chini za kutumia katika mteremko mrefu ili breki zisiungue. Hapo huwezi kutikisa kushoto na kulia upate jibu. Mkono unasimama vilevile ukiwa N au ukiwa R. Inabidi usome. Na usiku, ili usome, inabidi ile taa iwake.

Ya kwetu iliungua. Magari mengine huonyesha gia pia kwenye dashibodi, lakini hilo letu halionyeshi. Baba hakusema neno. Alianza kuhesabu kwa vidole.

Jioni moja walirudi kutoka kliniki giza limekwisha ingia. Baba alisimamisha gari juu ya mteremko wa nyumbani, akausukuma mkono wa gia mbele mpaka ukakwama, akateremka na kuzunguka ili amfungulie mama mlango. Injini ilikuwa bado inaunguruma. Gari likaanza kuondoka polepole, mama akiwa ndani, na kule bombani binti yetu wa miaka tisa alikuwa anaosha vyombo. Alisikia Babu yake akipiga kelele, akaruka pembeni na sufuria mkononi. Gari lilipanda juu ya fungu la mchanga tuliokuwa tumeuweka kwa ajili ya ujenzi, likasimama hapo. Hakuna aliyeumia. Mama alikaa mle ndani bila kusema lolote kwa muda mrefu, na tulipomfungulia mlango aliuliza kwanza, "Mtoto yuko wapi?"

Usiku huohuo simu zilipigwa. Waume zetu walikuwa na kauli moja: baba ametimiza miaka 74, anyang'anywe ufunguo. Shemeji wa Dar es Salaam akasema gari liuzwe. Msomaji, sisi ni wakwe, na mkwe hana kauli mbele ya watoto wa nyumba. Lakini sisi ndio tulioishi na mzee yule kila siku. Tulijua kwamba akinyang'anywe ufunguo, mama atafika kliniki kwa bodaboda, na baba ataketi barazani mpaka siku yake ifike. Vilevile tulikuwa tumeliona fungu la mchanga na lilivyo karibu na bomba. Tukaomba jambo moja tu, kwamba gari lipelekwe kwa fundi kabla ya uamuzi wowote, na baba aende nalo.

Fundi ni kijana mpole. Alimwomba baba afanye kama alivyofanya jioni ile, akatuita tuangalie. Kutoka D kwenda N mkono wa gia huteleza wenyewe ukisukumwa. Kutoka N kwenda R haupiti mpaka kile kitufe cha pembeni kibonyezwe. Kwa hiyo anayesukuma bila kubonyeza atakwama palepale kwenye N, na mkono utamwambia kwamba amefika mwisho. "Mzee, kiganja chako kilifika ukutani," fundi alisema, "ila ukuta huo si wa P." Baba akatikisa kichwa, akaurudia mwendo huo mara tano, sita, akisikiliza.

Kisha kijana alitueleza jambo ambalo kila mwenye otomatiki kwenye kilima anapaswa kulijua. Ndani ya gia, P ni jino dogo la chuma linaloingia katika gurudumu lenye mapengo. Ukiweka P na kuachia breki kabla ya kuvuta breki ya mkono, uzito wote wa gari unaning'inia kwenye jino hilo. Yafaa ushikilie breki ya mguu, uvute breki ya mkono, ndipo uweke P. Baba aliposikia habari ya breki ya mkono alicheka kwa mara ya kwanza katika wiki ile. Kwenye malori ya zamani hakuna aliyeshuka bila kuivuta, na kama uso wa lori ulitazama mteremko waliliacha pia katika gia ya rivasi. Otomatiki ndiyo iliyomfundisha kuamini herufi.

Taa yenyewe ilikuwa kazi ya nusu saa. Fundi aliondoa kirungu, akanyanyua plastiki ya juu taratibu ili vishikizo visivunjike, akazungusha kikombe kidogo na kutoa globu ndogo kama punje ya hindi, nyeusi kwa kuungua. Kwanza alituwekea taa ya kisasa ya rangi ya buluu, ile wanayoipenda vijana. Haikuwaka, akaigeuza upande wa pili ikawaka, maana taa za namna hiyo hukubali umeme upande mmoja tu. Sisi tuliziona herufi vizuri. Baba alisema anaona ukungu. Fundi hakubishana naye, na hakukosea: lenzi ya jicho hugeuka njano kwa uzee na huizuia rangi ya buluu kuliko nyingine, na mboni hupungua upana, hivyo mzee huhitaji mwanga mwingi zaidi. Akarudisha globu ya kawaida yenye kofia ya kijani kama ilivyotoka kiwandani. Baba akasoma herufi zote kwa sauti, kutoka juu mpaka chini, kama mtoto wa darasa la kwanza.

Tangu hapo tumekuwa watu wa kuuliza, na kijana wetu anayesomea uhandisi ametusaidia. Kumbe mpangilio wa P, R, N, D haukuwa hivyo tangu mwanzo. Katika magari kadhaa ya Marekani ya miaka ya 1950, rivasi iliwekwa mwisho kabisa, jirani na gia ya chini ya kwenda mbele, bila fri katikati. Mtu aliyetaka kwenda mbele polepole aliweza kujikuta anarudi nyuma. Ralph Nader aliyakemea mambo hayo katika kitabu chake cha mwaka 1965, na kuanzia Januari 1968 sheria ya Marekani ililazimisha N ikae kati ya gia za mbele na rivasi. Wengine walijaribu vitufe: Chrysler waliviweka kwenye dashibodi kuanzia magari ya 1956 mpaka ya 1964, na Edsel ya 1958 ilikuwa navyo katikati ya usukani, mahali ambapo dereva amezoea kutafuta honi. Havikudumu.

Halafu kuna ile kufuli inayokutaka ukanyage breki ndipo utoke kwenye P. Ilienea baada ya malalamiko makubwa ya mwaka 1986 huko Marekani kwamba gari la Audi 5000 huruka lenyewe. Uchunguzi wa serikali wa mwaka 1989 ulisema mara nyingi madereva walikanyaga mafuta wakidhani ni breki. Hata hivyo kufuli ilibaki, na kwa magari madogo ya otomatiki yanayouzwa Marekani yaliyotengenezwa kuanzia Septemba 2010 ni ya lazima, kwa sheria iliyotungwa kwa ajili ya watoto. Mama mwenye mtoto mtundu anayependa kukaa kiti cha dereva ataelewa sababu. Na siku gari likikataa kabisa kutoka P, mwambie mtu asimame nyuma uone kama taa za breki zinawaka. Mara nyingi fyuzi yake ndiyo iliyokatika. Katika magari mengi ya Kijapani kuna kitufe kidogo kilichoandikwa SHIFT LOCK karibu na gia, kwa ajili ya dharura hiyo. Vivyo hivyo, taa ya gia ikizimika pamoja na za dashibodi na za nyuma, usibomoe plastiki. Anza na fyuzi.

Sasa magari mapya yamekwenda mbali zaidi. Prius tangu toleo la 2003 ina kijiti kidogo ambacho ukikisukuma hurudi katikati, na P ni kitufe peke yake. Jaguar walileta duara linaloinuka gari linapowashwa. Yapo yanayobadilisha gia kwa kugusa kioo. Katika yote hayo mkono haukuambii chochote, na taa ndiyo shahidi pekee. Mwaka 2016 kampuni ya Fiat Chrysler iliyaita magari zaidi ya milioni 1.1 yarekebishwe, kwa kuwa mkono wake wa gia ulirudi katikati kila mara na madereva walishuka wakidhani wameweka P. Juni mwaka huohuo mwigizaji Anton Yelchin, kijana wa miaka 27, alikufa Los Angeles alipobanwa na Jeep yake iliyoteremka kwenye njia ya nyumbani kwake. Jeep hiyo ilikuwa miongoni mwa yaliyoitwa. Habari hiyo tuliisoma tukiwa tumekaa jikoni, na sote wawili tulitazama bombani.

Waume zetu waliporudi mwisho wa mwezi tuliketi pamoja. Baba alisema mwenyewe kwamba usiku hataendesha tena, na kwamba atasimamisha gari juu kabisa, penye mwerezi, wala si kwenye mteremko. Ufunguo ukabaki kwake. Mume wa mmoja wetu hakuridhika na mpaka leo haridhiki. Kila akipiga simu huuliza gari limeegeshwa wapi. Hatumlaumu. Fungu la mchanga lilikwisha tumika kwa ujenzi, na mahali pake tumejenga ukuta mfupi wa mawe.

Sisi tunajifunza kuendesha, mmoja baada ya mwingine, jioni kwenye uwanja wa shule. Baba hukaa kiti cha pembeni. Hatufundishi kwa otomatiki. Hutufundisha kwa ile pikapu kuukuu, na kabla ya kuturuhusu kuwasha hutufunga macho kwa kitenge na kutuamuru tutafute fri.