Uvimbe Aliouficha

Kabla mdogo wangu hajafanyiwa upasuaji wa varikoseli, shemeji alikuwa ameshahangaika miaka na vipimo, peke yake. Hilo bado linaniuma. Huku kwetu Tanga mtoto akikawia, anayetumwa kliniki kwanza ni mke. Kumbe kati ya wanaume ambao hawajawahi kupata mtoto licha ya kutafuta, asilimia 35 hadi 40 hukutwa na varikoseli: mishipa ya damu ya korodani imetanuka, mara nyingi upande wa kushoto, damu inatuama, joto linapanda, mbegu zinaharibika.

Upasuaji ulikwisha salama. Miezi baadaye korodani ikaanza kujaa maji.

Lilikuwa busha. Daktari anapofunga mishipa iliyotanuka, anaweza kufunga pamoja nayo vijishipa vya limfu, maji yakakosa pa kupita. Akitumia darubini ya upasuaji hilo hutokea kwa nadra mno. Kwa njia za zamani huwapata wagonjwa wengi zaidi. Mishipa pia huweza kutanuka upya. Ninaloliogopa kuliko yote, ingawa si la kawaida, ni kujeruhiwa kwa mshipa unaoleta damu, hadi korodani inasinyaa.

Pwani tunalijua busha kwa sababu ya matende, yale ya minyoo inayoenezwa na mbu, na mwenye nalo husemwa vijiweni. Basi mdogo wangu akanyamaza. Akaacha suruali, akawa mtu wa kanzu kila siku. Alidhani amerogwa. Nilipomuuliza alielezwa nini kabla ya kutia saini, alinijibu kwamba aliambiwa ni operesheni ndogo, basi. Nilikasirika, na sijapoa. Mtu aliyeambiwa kwamba maji yanaweza kujaa, yakijaa anarudi hospitali. Kumweleza hayo kungechukua dakika chache tu.

Maji yalitolewa kwa upasuaji wa pili. Mbegu huchukua siku 70 na ushei kutengenezwa, kwa hiyo alipaswa kupimwa miezi 3 baada ya ule wa kwanza, lakini aibu ilimzuia. Alipokwenda hatimaye, idadi ilikuwa imepanda. Mtoto bado. Mbegu zinaweza kuongezeka na mimba isitunge, na hilo nalo shemeji alistahili kulisikia mapema, kutoka kwa daktari, akiwa ameketi na mumewe.