Nani Ameshika Mwiko?

Chuo niliacha mwaka wa tatu, karo ilipokosekana. Sa hizi naishi kwa kalamu: naandikia mashirika madogo ya hisani, mengi ya makanisa, zile hadithi za kumfanya mfadhili atoe kitu. Moja naweza kukuandikia nikiwa ndani ya matatu. Kijana anatoka Marekani au Uingereza, anakuja kujitolea wiki mbili. Anamwona mtoto mwenye njaa. Analia, anaomba, anasikia Mungu akimwita. Anarudi kwao, anachangisha, anasajili shirika.

Usicheke. Mara nyingi ni kweli.

Mchukue Magnus MacFarlane-Barrow, mfugaji wa samaki kule Scotland. Mwaka wa 1992 yeye na ndugu yake Fergus waliona vita vya Bosnia kwenye runinga. Hawakuwa wageni kabisa wa huko, maana walishawahi kwenda kuhiji Medjugorje wakiwa vijana. Wakaomba likizo ya wiki moja, wakakusanya blanketi na chakula, wakajaza Land Rover, wakaendesha hadi huko. Mpango ulikuwa warudi kazini, basi. Lakini Magnus kufika nyumbani, akakuta banda la babake limejaa misaada. Watu hawakuwa wameacha kuleta. Akaacha kazi, akauza nyumba.

Miaka 10 baadaye, 2002, alikuwa Malawi wakati wa njaa. Akakutana na mama aliyekuwa anakufa kwa UKIMWI, watoto wake wamemzunguka. Akamuuliza mmoja wao, Edward, anatamani nini maishani. Kijana akasema anataka chakula cha kutosha, na siku moja aende shule. Hapo ndipo Mary's Meals ilipoanza, kwa jina la Maria mama wa Yesu, ikiwa na watoto kama 200. Leo inalisha zaidi ya milioni 2 kila siku ya shule, wakiwemo wa Turkana, hapa kwetu.

Sasa vuka mpaka uende Jinja, Uganda. Renee Bach, Mmarekani, alifika huko kujitolea mwaka wa 2007, hata miaka 20 hajafika. Mwaka wa 2009 akaanzisha Serving His Children, naye kwa wito wa imani. Shirika likaanza kupokea watoto wenye utapiamlo mkali, ilhali yeye hakuwa amesomea udaktari wala uuguzi. Kati ya 2010 na 2015 lilipokea watoto 940. 105 kati yao walifariki. Wengi walifikishwa wakiwa hali mahututi, na mwenyewe amekana kwamba alijifanya daktari. Akina mama wawili walimshtaki 2019. Kesi ikaisha kwa makubaliano mwaka uliofuata, bila yeye kukubali kosa.

Ukiniuliza, machozi si yaliyowatofautisha hawa wawili, wala sala. Kule Malawi uji hupikwa na wanakijiji wenyewe, wanaojitolea kwa zamu, na chakula hununuliwa humo humo nchini inapowezekana. Mgeni huleta pesa na mpango, lakini mwiko hashiki. Jinja, mgeni alishika mwiko, kisha watoto waliokuwa wagonjwa wakawa mikononi mwa shirika lake.

Najua kidogo kuhusu mwiko. Mamangu alipika uji miaka tisa katika shule ya kanisa mtaani kwetu. Saa kumi alfajiri ashawasha kuni, na mshahara hakuna. Huo uji nimeunywa, na ndio ulionifikisha hadi hicho chuo nilichoacha. Wageni walikuja kila Agosti, wakapiga picha naye, wakarudi kwao na wito. Yeye pia alikuwa akijitolea, ila hakupanda ndege, kwa hivyo hakuna aliyewahi kumuuliza kama Mungu alimwita.

Mimi nilimuuliza. Akaniangalia hivi, akasema, "Kuniita kufanya nini, na wewe ulikuwa na njaa hapo mbele yangu?"

Juzi mteja mmoja alinirudishia hadithi ya jikoni kama hilo. Ati nipunguze wapishi, wafadhili wanataka kumwona mwanzilishi. Nikamjibu kwamba wapishi watabaki, tena kwa majina yao, wakikubali wenyewe.

Hajajibu bado, na kodi ya nyumba ni tarehe 5.