Kujuana kwa Kadi

Bismillahi Rrahmani Rrahim.

Nataka kukusimulia safari yangu ya mjini. Haikuwa safari ya ajabu, walakini nilikwenda kutazama aibu za watu, nikarudi nimeiona yangu.

Mjukuu wangu ni mchoraji. Alinisihi nifuatane naye Dar es Salaam kwenye maonyesho ya sanaa, nami nikakubali shingo upande. Suala la picha za viumbe wanavyuoni wamekwisha lieleza, na leo silo nililokusudia. Tukatoka Saadani alfajiri, tukavuka mto Wami, tukapita Bagamoyo, na adhuhuri tukaingia mjini.

Kwanza alinipeleka Oysterbay, wanakochora wafuasi wa marehemu Edward Saidi Tingatinga. Mtu huyu alitoka Tunduru, akahangaika na vibarua, na mwaka 1968 akaanza kuchora wanyama kwa rangi za baiskeli juu ya vipande vya ubao, akiviuza penye maduka ya Morogoro Stores. Mwaka 1972 akafa. Lakini katika miaka hiyo michache aliwaketisha vijana wa jamaa zake akawafundisha, nao wakafundisha wengine, hata mwaka 1990 wakawa na chama chao cha ushirika. Leo jina lake ndilo jina la picha zenyewe. Kisha tukapita Mikocheni, penye Nafasi Art Space iliyoanzishwa mwaka 2008, ambapo wasanii wamegeuza makontena ya meli kuwa vyumba vya kazi.

Jioni tukaenda kwenye maonyesho yenyewe, mahali pengine. Taa nyingi, picha ukutani, na watu wamezipa mgongo wakipeana kadi zenye majina na namba za simu. Mjukuu wangu akaninong'oneza: "Babu, hapa kadi ndiyo salamu."

Bwana mmoja akanipa mkono, akauliza natoka kampuni gani. Nikamwambia, "Natoka Saadani, mimi ni mwalimu wa chuo." Tabasamu lake likazimika kama koroboi. Mkono ulikuwa bado umo mkononi mwangu, macho yamekwisha nipita begani yakitafuta mwingine. Sikuwahi hata kumuuliza hali ya nyumbani kwake, alikwisha kwenda.

Nilighadhibika. Kesho yake, tukiwa garini kurudi, nikamwambia mjukuu wangu kwamba Ijumaa nitawasomea watu darsa juu ya mabwana wa namna ile. Akanyamaza kitambo, kisha akasema kwa adabu: "Samahani, Babu. Ijumaa iliyopita mvuvi alikupa mkono pale mlangoni mwa msikiti, nawe ulikuwa ukimtazama tajiri anayeshuka garini."

Msomaji wangu, sikuwa na jawabu. Sura ya Abasa nimeisomesha miaka arobaini; kisa cha kipofu Abdullah bin Ummi Maktum, aliyekuja kutaka elimu wakati wakubwa wa Kikureshi wapo, naweza kukusimulia usingizini. Kumbe nilikuwa nikikisimulia kama habari ya watu wengine.

Tulipofika, nilikwenda kwa yule mvuvi. Nikakuta mwanawe ameacha chuo miezi miwili, kwa kuona haya, kwani hakuwa na ada ya Alkhamisi. Baba yake alitaka kunieleza habari hiyo siku ile mlangoni. Ni mwanafunzi wangu mwenyewe, na kwa miezi miwili mimi sikuuliza!

Siwalaumu wenye kadi. Mchoraji asiyejulikana hauzi, na mwenye kipaji hana budi kutoka akaonane na watu. Wazee wetu wa Saadani nao waliishi kwa kujuana: misafara ilishuka kutoka bara na pembe, majahazi yakaja kutoka ng'ambo, na mgeni akapata mwenyeji. Walakini mwenyeji alijua mgeni wake amekula nini na amelala wapi. Kumjua mtu ni kuijua hali yake. Jina lake na faida yake peke yake havitoshi.

Basi ndugu yangu, ukimpa mtu mkono, mpe na macho yako mpaka amalize kusema. Yule kijana amerudi chuoni, na ada yake tumekwisha isamehe. Mimi ndiye niliyeomba kusamehewa.

Wabillahi tawfiq.