Ratiba Iliyoshuka Ukutani

Mwaka 2001, nilipoanza kazi ya mhandisi msaidizi katika kampuni moja ya ujenzi jijini Dar es Salaam, ratiba ya kazi ilikuwa kitu cha ukutani. Ilichapishwa ofisini kwetu Upanga kwenye karatasi sita za A3, zikaunganishwa kwa gundi, zikapelekwa saiti na kupigiliwa misumari juu ya meza ya mtunza stoo. Mistari ya bluu ilikuwa ya kazi za kawaida. Myekundu ilikuwa ya zile ambazo moja ikichelewa siku moja, jengo zima linachelewa siku moja. Mwenye jengo alipokuja, au mshauri wake, alisimama mbele ya zile karatasi na kuzitazama kwa heshima. Mafundi hawakuzitazama kabisa. Kufikia mwezi wa tatu jua la dirishani lilikuwa limekwisha kupausha wino, na msingi ambao ratiba ilisema umekamilika bado tulikuwa tunaumwagia zege.

Nilikuwa nimefundishwa kuamini mistari ile. Chuoni Mlimani tulisoma kwamba inaitwa kwa jina la Henry Gantt, Mmarekani aliyeieneza mwanzoni mwa karne ya 20. Tulisoma pia kwamba hesabu ya kuutafuta mnyororo wa ile mistari myekundu ilibuniwa mwishoni mwa miaka ya 1950, wakati kampuni ya DuPont ilipotaka kupunguza muda wa ujenzi na matengenezo ya viwanda vyake. Tuliikokotoa kwa kalamu. Kazi 30 tu zilikula mchana mzima, na kosa moja la kujumlisha lilikurudisha mwanzo. Kwa hiyo nilipoona kompyuta ya ofisini ikifanya hesabu hiyo kwa kazi 214 kwa kufumba na kufumbua, niliona tatizo la kuchelewa limekwisha.

Halikuwa limekwisha. Mkataba wetu ulifuata masharti ya mikataba ya ujenzi ya FIDIC ya mwaka 1999, yanayomtaka mkandarasi awasilishe programu ya kazi ndani ya siku 28 baada ya kupewa taarifa ya kuanza. Siku 28 ndizo pia tunazozisubiri kabla ya kuvunja mchemraba wa zege maabara ili kupima nguvu yake. Mara nyingi nimezifikiria namba hizo mbili pamoja, maana ratiba yetu nayo ilikuwa ikishawasilishwa inaganda. Kuibadilisha kulimaanisha kupanda daladala kutoka saiti yetu ya Mbezi Beach hadi mjini, kukaa kwenye foleni ya Mwenge, kumngoja mtu mmoja anayeijua ile programu, kuchapisha upya na kurudi. Kufikia muda huo saiti ilikuwa kwenye jambo jingine.

Aliyeijua saiti ilivyo alikuwa nyapara wetu, mzee wa Kizigua kutoka Handeni, mtu wa maneno machache. Alivaa shati la mikono mirefu hata Februari, na mfuko wa kifuani haukukosa penseli bapa ya seremala. Alijua lori la kokoto la Kunduchi litafika saa ngapi kwa kumjua dereva wake. Alijua fundi gani ana msiba na nani ameitwa saiti nyingine kwa posho kubwa zaidi. Hakuna hata kimoja kati ya hivyo kilichokuwa kwenye zile karatasi sita, na hakuna aliyewahi kumwuliza zilipokuwa zikitengenezwa.

Mwishoni mwa mwaka 2003 mkurugenzi wetu alirudi safari ya Dubai na kompyuta mbili za kiganjani. Moja akanipa mimi. Ilikuwa na ukubwa wa kitabu kidogo cha sala, kioo cha rangi, na kijiti cha plastiki cha kuandikia kilichochomekwa ubavuni. Vifaa vya aina hiyo vilikuwa vimeenea Marekani tangu ilipotoka kompyuta ya kiganjani iliyoitwa Pilot mwaka 1996. Mbunifu wake, Jeff Hawkins, alikata kipande cha mbao cha ukubwa alioutaka, akakitia mfukoni na kutembea nacho siku nyingi akijifanya anakitumia, ili ajue kama mtu angekubali kubeba kitu kama kile. Mimi ni mtu wa ujenzi. Habari ya chombo kilichoanza kama kipande cha mbao ilinifanya nikipende hata kabla sijakiwasha.

Kujifunza kuandika kwa kijiti kulinichukua wiki mbili. Herufi A ulichora kama kenchi ya paa, bila mstari wa katikati. Programu ya kupangia kazi iliwekwa ndani, na kila asubuhi kabla ya kutoka Upanga nilikiweka kifaa kwenye kitako chake kilichounganishwa na kompyuta, nikabonyeza kitufe, vikapatana: yaliyobadilika huku yakaenda kule, ya kule yakaja huku. Kisha nikaiweka ratiba nzima ya hosteli ya ghorofa mbili tuliyokuwa tukiijenga mfukoni mwa suruali na kwenda nayo Mbezi Beach.

Kasoro ya kwanza ya kifaa ilionekana siku ya kwanza kukitumia saiti. Kioo kilikuwa kidogo. Katika kazi zote za ratiba uliona nane kwa wakati mmoja, na majina yake yalikatwa katikati, kwa sababu tulikuwa tumeyaandika kwa Kiingereza kirefu cha mkataba. Kila mstari ulianza kwa maneno yaleyale na kufa kabla ya kusema ni ghorofa ipi. Basi usiku mmoja nilikaa nikayaandika upya yote, kwa kifupi. Na nilipotafuta maneno mafupi, yaliyonijia yalikuwa ya saiti: Mirunda jamvi 2. Nondo jamvi 2. Mabomba ya umeme jamvi 2. Zege jamvi 2. Kupiga lipu nje. Sikuwa na nia kubwa, nilitaka tu maneno yaenee kwenye kioo. Lakini sasa ratiba ilikuwa kwa Kiswahili, na kilichofuata kilitokana na hilo kuliko na kifaa chenyewe.

Nakumbuka siku yenyewe. Ilikuwa Jumatatu, tarehe 9 Agosti 2004, siku moja baada ya Nane Nane. Alhamisi ya wiki hiyo tulipangiwa kumwaga zege la jamvi la ghorofa ya pili. Nilimkuta nyapara juu, amesimama kwenye mbao, akikagua nafasi za nondo.

“Shikamoo, mzee.”

“Marahaba, injinia. Hicho kidude kinasemaje?”

“Kinasema Alhamisi tunamwaga.”

“Nionyeshe.”

Nilimpa. Alikishika kwa mikono miwili, akakisogeza mbali na macho, akasoma kwa sauti mstari mmoja mmoja. Alipofika kwenye mabomba ya umeme alisimama.

“Hii imeandikwa imekwisha. Haijaanza. Fundi umeme hajalipwa advansi, hajaonekana hapa tangu Jumatano. Ukimwaga Alhamisi, utapitisha wapi nyaya? Utakuja kutoboa jamvi?”

Mimi ndiye niliyeandika kwamba imekwisha, kwa sababu ofisini waliniambia hundi ya fundi imesainiwa. Nilimwuliza bila advansi atakuja lini. Akasema si kabla ya mwisho wa wiki ijayo. Nikakichukua kifaa, nikaisogeza ile kazi kwa siku tisa, na kazi zote zilizofungwa nyuma yake zikasogea zenyewe mbele ya macho yetu: zege, nguzo za juu, kuta, lenta, kenchi, bati. Kazi ya bati ilitoka tarehe 28 Septemba ikaenda tarehe 7 Oktoba.

Mzee aliitazama tarehe ile muda mrefu. “Yaani mabomba ya plastiki yanatupeleka kwenye vuli?”

Katika miaka yake zaidi ya 30 ya ujenzi alikuwa amelijua jambo hilo mwilini, kwa kunyeshewa. Ila alikuwa hajawahi kuonyeshwa na ofisi kwamba nayo inalijua. Na mimi, niliyekuwa nimeikokotoa minyororo mingi chuoni, sikuwa nimewahi kusimama juu ya kazi yenyewe, na mtu anayeifanya, tukautazama mnyororo ukivutika. Nilipiga simu Upanga palepale nikiwa juu ya mbao. Nilitaja tarehe mbili tu, ya 28 na ya 7. Fundi umeme alilipwa kesho yake. Zege tulilimwaga Jumatatu tarehe 16, tukapoteza siku nne badala ya tisa, na bati la mwisho lilipigwa tarehe 2 Oktoba kukiwa kukavu.

Kama si mazungumzo yale, Alhamisi alfajiri vibarua 40 wangekuwa getini, mashine ya kuchanganyia zege imekwisha kukodiwa na malori ya kokoto yamepanga foleni. Wangerudi makwao mikono mitupu, kama walivyokuwa wamerudi mara nyingi kabla ya hapo. Kibarua hukatiwa siku yake kwa kosa la mtu ambaye hamjui. Hilo liliniuma zamani na linaniuma hata sasa.

Tangu wiki ile tulikuwa na desturi. Kila Ijumaa saa kumi, mimi na nyapara na viongozi wa mafundi, wa nondo, wa mbao, wa umeme, wa mabomba ya maji, tulikaa chini ya mwembe wa saiti. Nilisoma kazi za wiki inayokuja, nane nane kama kioo kilivyoruhusu, na kwa kila moja niliuliza: hii inasubiri nini? Miaka mingi baadaye nilisoma kwamba wataalamu wawili wa Marekani, Glenn Ballard na Greg Howell, walikuwa wamejenga tangu miaka ya 1990 mfumo mzima juu ya swali la namna hiyo. Waligundua kwamba karibu nusu tu ya kazi zilizopangwa kwa wiki ndizo zilizokuwa zikikamilika, na wakasisitiza kwamba ahadi ya kazi itolewe na yule atakayeisimamia kwa karibu. Niliposoma nilimkumbuka mzee wangu na ule mwembe.

Kifaa kilikuwa na udhaifu mmoja mkubwa. Kumbukumbu yake iliishi kwa umeme wa betri. Betri ikiisha kabisa, kila ulichoandika tangu ulipokiweka kwenye kitako mara ya mwisho kinapotea. Mwaka 2006 ukame ulipokausha maji ya bwawa la umeme la Mtera, umeme ukawa wa mgawo nchi nzima. Nilikuwa nimepata msiba Moshi, nikaondoka na kifaa kwenye begi, sikupata pa kukichaji kwa siku nyingi, na kabla ya safari nilikuwa nimekaa siku tisa bila kukipatanisha na kompyuta ya ofisini, kwa kuwa nayo haikuwa na umeme. Niliporudi nilikuta kioo cheusi. Kilipowaka kilinisalimu kama kipya, kikaniuliza tarehe ya leo.

Nilimweleza nyapara nikiwa nimeishiwa nguvu. Alitoka nje, akarudi na daftari la kaunta lililokunjwa pembe. Tangu mwaka ule wa hosteli, kila Ijumaa baada ya kikao alikuwa akiandika kwa penseli: kazi gani, inasubiri nini, nani kaahidi, lini. Siku zote tisa zilikuwamo, na za miaka miwili nyuma. Tulikaa jioni ile kwa taa ya chemli, yeye akisoma, mimi nikiandika kwa kijiti, mpaka ratiba ikasimama tena.

Baada ya hapo mambo yalikwenda mbio. Simu zikaanza kufanya kila kilichofanywa na kompyuta za kiganjani, na vifaa vile vikatoweka madukani. Leo mhandisi kijana ana ratiba nzima kwenye simu yake, na ikibadilika Upanga inabadilika Kigamboni dakika hiyohiyo bila kitako wala waya. Betri ikiisha hakipotei kitu. Kila saiti ina kundi lake la WhatsApp, na nyapara anatuma picha ya nondo kabla mhandisi hajaamka. Ningelia kwa furaha kama ningekuwa na simu kama hiyo mwaka 2004.

Lakini nimetembelea saiti za kutosha kuona ratiba imerudi ukutani, isipokuwa ukuta sasa uko mfukoni. Inatumwa kundini Jumatatu kama faili, mistari 300, Kiingereza cha mkataba, herufi za kusomwa kwa kukuza. Watu wanaweka alama ya dole gumba na kuendelea. Picha zinaonyesha kilichofanyika jana. Kinachosubiriwa kesho hakina picha, na kundi la watu 60 si mahali ambapo fundi umeme atasema hajalipwa.

Mzee alistaafu akarudi Handeni. Daftari zake alinipa, ziko nne, na kifaa changu kiko nazo kwenye droo moja. Kifaa hakiwaki tena. Daftari zinasomeka.

Kwa hiyo nawaomba wahandisi vijana wanaosoma hapa. Ijumaa hii chukueni kazi nane tu za wiki ijayo, ziandikeni upya kwa maneno ya mafundi wenu, pandeni nazo mpaka juu kwenye mbao, mpeni nyapara simu aishike mwenyewe, na msubiri asome mpaka mwisho.